Pedeli inayozama na pedeli ngumu: kurudishia nguvu breki za gari la zamani

Gereji yoyote ya Tanga, iwe Ngamiani au njia ya kwenda Pongwe, haikosi gari lenye lalamiko hili: "Halina breki." Fundi mwenye haraka anafungua tairi, anaona pedi zimekwisha, anaweka mpya, gari linaondoka. Baada ya muda limerudi na lalamiko lilelile, na mwenye gari ameshaanza kuamini kwamba gari likizeeka breki zake ndivyo zinavyokuwa. Mimi sikubaliani na imani hiyo hata kidogo. Magari mengi tunayoyaita ya zamani yalitoka kiwandani na breki zinazotosha kwa uzito na mwendo wake. Tatizo ni kwamba nguvu ya mguu inapotelea mahali fulani njiani kabla ya kufika kwenye tairi, na watu wananunua spea kabla hawajajua inapotelea wapi.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Gari likienda kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde. Lenye breki nzima na matairi mazuri, kwenye lami kavu, husimama ndani ya mita 35 hivi tangu breki zilipokamata. Lililopoteza chini kidogo ya nusu ya nguvu ya breki linahitaji mita 62. Sasa rudi kwenye ile mita ya 35, pale ambapo gari zima limeshatulia. Lile dhaifu linapita hapo bado likiwa na mwendo wa zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Huo ndio mwendo atakaogongwa nao mtoto anayevuka barabara kwenda shule pale Muheza.

Lalamiko moja la "halina breki" limeficha magonjwa mawili. La kwanza, pedeli inazama: mguu unakwenda mpaka karibu na sakafu ndipo breki ishike. La pili, pedeli ni ngumu: imesimama juu, unaisukuma kwa nguvu zako zote, gari linazidi kwenda. Magonjwa haya yana sababu tofauti kabisa, na dawa ya moja mara nyingi hulizidisha la pili.

Ili kuona kwa nini, fuata nguvu inavyosafiri. Pedeli ni wenzo, na kwa magari mengi huzidisha nguvu ya mguu mara nne hadi sita. Nguvu hiyo inasukuma pistoni ndani ya masta silinda, na mafuta ya breki yanaibeba hadi kila gurudumu. Kanuni yake ni ya Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17: kanieneo, yaani presha, katika kimiminika kilichofungiwa husambaa sawasawa kila upande. Kwa hiyo upana wa pistoni ndio unaoamua kila kitu. Tuseme mguu unasukuma kwa kilo 20 na pedeli inazidisha mara tano. Masta inapokea kilo 100. Masta yenye kipenyo cha milimita 22 itatoa kilo 26 hivi kwa kila sentimita ya mraba, na kalipa, kile kibano cha pedi, yenye pistoni ya milimita 54 itabana diski kwa karibu kilo 600. Badilisha masta tu, weka ya milimita 25, mguu uleule. Kalipa sasa inabana kwa kilo 470 hivi. Umepoteza zaidi ya moja ya tano ya breki kwa kuweka kitu kikubwa zaidi.

Lakini masta hiyo kubwa inasukuma mafuta mengi kwa kila hatua ya pedeli, hivyo pedeli inasimama juu na dereva anajisikia salama. Huo ndio mtego. Nguvu na mwendo wa pedeli vinabadilishana. Ukiongeza kimoja unapunguza kingine, na hakuna spea inayokupa vyote viwili bure.

Mzee mmoja mwenye Land Rover 88, ile fupi ya zamani, alimwambia fundi nikiwepo: "Mwanangu, hii breki inaingia mpaka chini. Nimeambiwa niweke masta ya gari kubwa."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Ukipampu mara mbili za harakaharaka, inapanda?"

"Inapanda, tena inakamata vizuri tu."

"Basi masta iache ilivyo. Ngoja nipige jeki."

Alinyanyua gurudumu moja baada ya jingine. Nyuma ya bamba la breki kuna kichwa cha kurekebishia. Alikipiga brashi ya waya, akakimwagia mafuta ya kulainisha kutu, akasubiri, kisha akakizungusha kwa spana hadi tairi likagoma kabisa. Akarudisha kidogo kidogo mpaka likazunguka huku breki shuu, kile kipande kinachobana dramu kwa ndani, ikikwaruza kwa mbali. Alipomaliza manne, pedeli ilikuwa imesimama juu na hakuna spea hata moja iliyonunuliwa. Breki shuu zilikuwa zimelika taratibu na kuachana na dramu, kwa hiyo hatua yote ya kwanza ya pedeli ilikuwa inaishia kuziba ile nafasi. Masta kubwa ingeficha nafasi hiyo na kumwachia mzee pedeli ngumu juu yake.

Jaribio la yule fundi ndilo la kwanza kwa yeyote mwenye pedeli inayozama. Ikipanda ukipampu na kusimama imara, shaka ya kwanza ni dramu zinazotaka kurekebishwa. Magari yenye diski mbele na dramu nyuma, kama Corolla nyingi zilizo barabarani kwetu, yana kifaa kinachojirekebisha chenyewe ndani ya dramu, na kwenye baadhi ya Toyota kinasukumwa na hendibreki. Dereva asiyevuta hendibreki miaka nenda miaka rudi anakiacha kishike kutu, na pedeli inashuka bila yeye kuelewa sababu.

Ikipanda lakini ni laini, inadunda chini ya mguu, ndani mna hewa au hozi zimechoka. Hewa inabanika, mafuta hayabaniki; sehemu ya hatua ya mguu wako inatumika kubana kiputo. Kwa hozi, mwambie mtu akanyage huku umeishika kwa mkono: ikivimba kiganjani, imekwisha. Hozi ya zamani ina ubaya mwingine pia. Mpira wa ndani hujitenga na kuwa kizuizi cha upande mmoja, mafuta yanaingia kwenye kalipa lakini hayarudi, na gurudumu hilo linabaki limebanwa na kupata moto.

Ukikanyaga kwa nguvu ya wastani na kutulia, halafu pedeli ikazama taratibu chini ya mguu wako na nje hakuna panapovuja, sili za masta, zile raba zinazozuia mafuta yasipite, zimepoteza kazi. Hapo ndipo masta inapostahili kubadilishwa, na mpya iwe ya kipimo kilekile kilichoandikwa kwenye mwili wa ya zamani.

Kuhusu kutoa upepo, yaani kuondoa hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki, jambo moja linaharibu masta nyingi za zamani: kukanyaga pedeli mpaka sakafuni. Kwa miaka mingi pistoni imekuwa ikitembea sehemu ya juu tu ya silinda. Kule chini kumejaa kutu na uchafu. Ukiisukuma hadi mwisho, sili zinachanika kwenye kutu hiyo, na gari lililoingia gereji na hewa kidogo linatoka na masta mbovu. Weka kipande cha mbao chini ya pedeli. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta, ambalo kwa magari yetu ya usukani wa kulia kwa kawaida ni la nyuma kushoto, kisha sogea karibu.

Mafuta yenyewe yanastahili heshima kuliko tunayoyapa. Mafuta ya breki ya madaraja ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Tanga, mji wa bahari, ina unyevu mwaka mzima. DOT 3 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikishanyonya. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanika, na pedeli inazama ghafla wakati unaihitaji zaidi. Fungua kikombe cha masta uangalie: mafuta mapya ni maangavu, ya miaka mingi ni meusi kama kahawa. Yabadilishe yote kila baada ya miaka miwili, na usimkubalie mtu anayekuongezea mafuta ya injini, ya gia au ya pawa stelingi kwa kuwa "yote ni mafuta". Hayo huvimbisha raba, na ukishayaingiza utalazimika kubadilisha kila sili kuanzia masta hadi magurudumuni.

Ugonjwa wa pili, pedeli ngumu, anza nao kwenye busta, kifaa kinachousaidia mguu. Diski hazijisaidii. Dramu ina ujanja wake: breki shuu inayoelekea upande wa mzunguko huvutwa na dramu yenyewe na kujibana zaidi, lakini pedi za diski zinategemea nguvu unayozipa tu. Kwa hiyo karibu kila gari la diski lina busta, inayotumia mnyonyo wa injini kukuzidishia nguvu. Kuipima hakuhitaji chombo. Zima injini, kanyaga pedeli mara kadhaa hadi iwe ngumu, bakiza mguu hapo, washa. Busta nzima itaifanya pedeli ishuke kidogo injini inapowaka. Isiposhuka, kagua kwanza hozi ya mnyonyo na vali yake, maana hozi iliyopasuka ni rahisi mno kuliko busta nzima. Kwenye dizeli mnyonyo hutoka kwenye pampu yake, na kwenye Toyota nyingi za dizeli pampu hiyo imefungwa nyuma ya alternata. Pampu ikichoka breki zinakuwa ngumu, na mwenye gari atabadilisha pedi mara kwa mara bila kupona.

Busta ikiwa nzima, tazama kinachogusana. Pedi, au laining ya breki shuu, iliyong'aa imeshaungua na haishiki. Iliyolowa oili ya difu au mafuta kutoka wili silinda (silinda ndogo ya gurudumuni inayosukuma shuu) inayovuja haifai tena. Kuichoma moto au kuipiga msasa kunakupa siku chache tu, kwa sababu mafuta yameshazama ndani. Rekebisha panapovuja, halafu badilisha kushoto na kulia kwa pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja. Pistoni za kalipa zilizoshika kutu nazo huiba nguvu, na mara nyingi upande mmoja wa gari huwa umeacha kufanya kazi muda mrefu.

Wachache wanasoma ubavuni mwa pedi wanaponunua, na huko kuna habari yenye thamani. Pedi nyingi zimepigwa herufi mbili, kwa mfano EE, FF au GF. Herufi ya kwanza inaeleza msuguano katika joto la kawaida, ya pili zikiwa moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Maana yake pedi ya FF inaweza kushika vizuri zaidi ya EE kwa mguu uleule, bila kugusa kitu kingine chochote. Kwa gari la zamani lisilo na busta, hili ni boresho la kwanza ninaloliamini, nalo ni la bei ndogo. Epuka pedi ngumu za magari ya mashindano, maana zinataka joto kali kabla ya kushika, na asubuhi ya kawaida Chumbageni hutalipata joto hilo.

Tahadhari ya afya: laining za zamani huenda zina asbesto. Usipulize vumbi la dramu kwa kompresa. Lowesha kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa, kitupe.

Pwani ina adui wa ziada. Chumvi ya hewani hula paipu za chuma, tena zaidi pale zinapopita chini ya vibano vya chasisi, ambapo unyevu unakaa na jicho halifiki. Legeza kibano uangalie. Paipu iliyotafunwa hupasuka siku unapokanyaga kwa nguvu zote, maana hapo ndipo kanieneo linakuwa kubwa kuliko siku zote. Kwenye magari ya kale yenye masta ya njia moja, paipu moja ikipasuka magurudumu yote manne yanakosa breki, kwa hiyo kubadilisha masta iwe ya njia mbili ni kazi inayofaa kulipiwa. Paipu ya shaba na nikeli iliyotengenezwa kwa ajili ya breki haishiki kutu na inakunjika vizuri. Paipu ya shaba ya friji usiikubali hata fundi akuhakikishie vipi.

Kuna hitilafu moja nyingine ambayo huku kwetu naiona haitajwi kabisa. Pikapu nyingi, Hilux zikiwamo, zina vali juu ya difu yenye fimbo inayopima umbali kati ya ekseli na chasisi. Mzigo ukiingia, chasisi inashuka, vali inaruhusu kanieneo zaidi kwenda nyuma. Gari likiwa tupu inazuia, ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na kuligeuza gari. Sasa mwenye pikapu inayobeba machungwa ya Muheza anaongeza majani ya springi ili isilale. Sehemu ya nyuma inanyanyuka, vali inaamini gari ni tupu hata likiwa limesheheni, na breki za nyuma zinafanya kazi nusu. Ukiongeza springi, fimbo hiyo irekebishwe kufuata urefu mpya. Ukikuta imegandia kwa kutu, hapo pia kuna breki zako zilizopotea.

Vyote hivi vikiwa vizima na bado hutosheki, ndipo ufikirie kubadilisha mfumo. Kwa Land Rover za zamani njia inajulikana. Fupi ya 88 ilitoka na dramu za inchi 10, ndefu ya 109 ilikuwa na za inchi 11, na za mbele zilikuwa na wili silinda mbili kila moja, hivyo shuu zote mbili zilijivuta kwenye dramu. Kuhamishia breki za mbele za 109 kwenye 88 kunaongeza nguvu kweli, na zinaingia kwa kuwa ni za ukoo mmoja. Hapo masta nayo ifuatane nazo, kwa sababu silinda zimeongezeka na zinataka mafuta mengi zaidi. Kumbuka kwamba hendibreki ya magari hayo inashika shafti nyuma ya gia boksi. Ni ya kuegeshea, usiivute gari likiwa mwendoni.

Kuweka diski mbele badala ya dramu kunasaidia hasa kwenye joto na maji, kwa kuwa diski inapoa haraka na kukauka haraka. Lakini mabadiliko haya yana masharti. Diski inataka busta au pedeli itakuwa ngumu. Masta ya dramu mara nyingi ina vali inayobakiza kanieneo kidogo kwenye paipu. Isipoondolewa upande wa diski, pedi zitabaki zimebana. Rimu ya inchi 13 inaweza kugonga kalipa kubwa. Na mizani ya mbele na nyuma lazima ibaki: ukikanyaga ghafla, uzito unahamia mbele, kwa hiyo magurudumu ya mbele yafike kikomo kwanza. Gari ambalo nyuma hujifunga kabla ya mbele litageuka kwenye lami yenye mvua, na hilo ni baya kuliko breki dhaifu.

Matairi makubwa nayo ni mwizi. Ukiongeza kipenyo cha tairi kwa asilimia 10, nguvu ya kusimamisha inapungua kwa karibu asilimia 9 kwa breki zilezile.

Mteremko wa Lushoto kupitia Soni hadi Mombo una hesabu yake. Unashuka karibu mita 1,000 kwa kilomita thelathini na kitu. Nishati inayotakiwa kumezwa katika mshuko huo, gari liwe dogo au kubwa, ni sawa na kulisimamisha kutoka kilomita 80 kwa saa mara 40. Hewa na matairi huchukua sehemu yake; iliyobaki ama inamezwa na injini au inageuka joto kwenye diski na dramu. Hakuna pedi wala mafuta ya breki yanayoondoa haja ya kushuka kwa gia. Ingiza gia nzito kabla mteremko haujaanza, punguza mwendo kwa kukanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha achia zipoe. Usiuache mguu umelala juu ya pedeli kilomita nzima. Kuzima injini au kutoa gia ili kuokoa mafuta kwenye mteremko ule usithubutu. Busta ya injini iliyozimwa hubaki na akiba ya kukanyaga mara chache tu.

Kazi ikiisha, pedi na diski mpya zinahitaji kuzoeana. Tafuta barabara tupu na tambarare, punguza mwendo kutoka kilomita 60 hadi 10 mara nane au kumi, ukiacha muda wa kupoa kati ya mara moja na nyingine, bila kusimama kabisa huku umebana. Baada ya hapo shika kila rimu kwa tahadhari: moja ikiwa moto kupita zote, kalipa au hozi hairudi, ikiwa baridi, upande huo haufanyi kazi. Kisha jaza mzigo uliozoea kubeba, rudia kusimama kutoka kilomita 40, na ona kama gari linakwenda moja kwa moja. Liache usiku kucha mahali pakavu, na asubuhi, kabla hujawasha, tazama chini ya kila gurudumu na kiwango kwenye kikombe cha masta.